Nani Kiongozi Leo?

Ndege ndogo ya kukodi huwa na viti viwili vya mbele, usukani kila upande na pedali kila upande. Yeyote anayekaa mbele anaweza kuirusha, na anaweza pia kuiangusha. Iliundwa hivyo ili itumike kufundishia, na kwa mwalimu na mwanafunzi wake mpango huo hauna utata, maana kila mmoja anamjua mwenzake ni nani. Taabu huanza wanapoketi pale watu wawili wenye leseni, marafiki waliochangiana hela ya kukodi, na injini ikawashwa kabla hawajaulizana kiongozi wa siku hiyo ni nani.

Nimerusha ndege za kukodi na za ubia kutoka Wilson, Nairobi, kwa miaka mingi. Vijana wanaotoka kupata leseni huniuliza juu ya kutua kwenye upepo wa ubavuni, au namna ya kuvuka vilima vya Ngong mawingu yakiwa chini. Hayo nawajibu. Lakini la kwanza ninalowaambia ni hili la uongozi, kwa sababu nimeona jinsi watu wazima, wenye akili timamu na saa nyingi angani, wanavyoweza kulipita kama halipo.

Methali ya pwani inatuonya kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kwenye ndege ndogo mimi nimekuta kinyume chake mara nyingi zaidi: manahodha wawili waungwana, kila mmoja akimwachia mwenzake, chombo kikabaki hakina nahodha hata mmoja.

Tulikuwa kikundi cha wabia wenye Cessna 172 moja. Kila mmoja alikuwa na hisa yake, tukichanga bima, maegesho na matengenezo kila mwezi, na anayeruka akilipia saa zake. Asubuhi moja nilikuwa kiti cha nyuma, abiria kamili, nikielekea na wenzangu wawili kwenye kiwanja cha nyasi upande wa Kajiado kunywa chai na kurudi. Kushoto alikaa mbia kijana aliyekuwa ameandika jina lake kwenye daftari la kuhifadhi ndege. Kulia alikaa mbia mkubwa kwetu sote, mtu mwenye saa nyingi kuliko sisi wengine tukijumlishwa, ambaye alikuwa amemfundisha huyo kijana njia zote za kusini mwa Nairobi. Kijana alimwita Mzee, kama tulivyomwita sote.

Tuliingia kutua tukiwa na kasi iliyozidi kidogo ile iliyotakiwa. Gurudumu moja liligusa nyasi, ndege ikaruka tena, pengine mita mbili. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sitakisahau. Mkono wa Mzee ulisogea kwenye usukani wake. Kijana aliuona ule mkono, na mara ile mikono yake yote miwili ikalegea, mmoja juu ya usukani, mwingine kwenye kishikio cha nguvu ya injini. Mzee alipoona kijana bado ana mikono kwenye vyombo, aliurudisha wake pajani. Yote hayo yalipita kwa muda wa pumzi moja. Hakuna aliyetamka neno. Pua ikaanguka, gurudumu la mbele likagonga chini kabla ya yale ya nyuma, likapinda, na ncha za propela zikalima nyasi mpaka injini ikazima.

Tulitoka wazima. Kijana alikuwa akisema, "Nilidhani umechukua, Mzee." Naye Mzee, kwa sauti ya mtu anayemwonea mwenzake huruma, "Nilidhani bado unayo, mwanangu."

Sikuona hila kwa yeyote kati yao, wala kiburi. Kilichoipindisha ile ndege ni heshima. Kijana alikuwa amelelewa kumpisha mkubwa, Mzee naye alikuwa amejizuia asimwaibishe kijana mbele yangu. Nje ya ndege, hiyo ni tabia njema tunayoitaka kwa watoto wetu. Ndani ya ndege iliyo mita mbili juu ya ardhi na kasi inaisha, heshima isiyotamkwa kwa maneno inaua.

Wiki zilizofuata zilitufundisha zaidi. Mkadiriaji hasara wa kampuni ya bima alikuja, akapiga picha, akaketi nasi mezani, na swali lake la kwanza halikuwa la kasi wala upepo. Aliuliza rubani kiongozi alikuwa nani. Daftari letu lilikuwa na jina la aliyehifadhi ndege. Hiyo ilimaanisha tu nani angelipa saa zile. Kitabu cha safari cha ndege kilikuwa bado hakijajazwa. Mzee alisema yeye alikuwa abiria. Kijana alisema kwamba kila anaporuka na Mzee, kwa kawaida Mzee ndiye mkubwa wa safari. Wote wawili walisema kweli kadiri walivyoijua. Madai yalikaa mezani kwa muda mrefu, na sisi wengine tuliendelea kuchanga pesa za ndege iliyolala bandani.

Tangu hapo nilisoma kanuni kwa macho mengine. Viambatisho vya Mkataba wa Chicago wa 1944, ambavyo ndivyo mizizi ya kanuni za anga za Kenya, Tanzania na karibu dunia nzima, haviachi nafasi ya kukisia. Kiambatisho cha 2 kinamwajibisha rubani kiongozi kwa uendeshaji wote wa ndege, awe ameshika usukani mwenyewe au ameushika mwingine, na kinampa kauli ya mwisho juu ya ndege hiyo muda wote anapoiongoza. Kiambatisho cha 6 kinaeleza anatoka wapi: kwenye shirika la ndege huteuliwa na mwendeshaji, na kwenye safari za binafsi huteuliwa na mwenye ndege.

Soma hilo la mwisho tena ukifikiria ubia. Mwenye ndege ni nani, ikiwa wenye ndege ni wengi, na wawili kati yao wameketi mbele? Na kwa ndege ya kukodi, mwenye ndege yuko ofisini, au hata hayupo nchini. Anayekukabidhi funguo ni karani wa zamu. Uteuzi ambao shirika kubwa huufanya kwa ratiba iliyochapishwa, sisi wa ndege ndogo tumeachiwa tuufanye wenyewe, na wengi wetu huuacha ujifanye.

Watu hutafuta ishara za kuwasaidia kukisia. Kiti cha kushoto ni ishara wanayoiamini kuliko zote, na si ya kuaminika. Chukua sheria ya Marekani: rubani hawezi kuongoza ndege yenye abiria ikiwa ndani ya siku 90 zilizopita hajaruka na kutua angalau mara tatu. Wawili wakiruka na rafiki yao nyuma, na wa kushoto akawa amepitwa na siku hizo, kiongozi halali ni wa kulia tu, hata kama hatagusa usukani mpaka warudi. Saa nyingi pia hazimpi mtu uongozi, wala umri, wala kulipa sehemu kubwa ya bili. Hata kuimiliki ndege hakutoshi. Mwenye ndege anaweza kukukatalia funguo chini, na hiyo ni haki yake. Akishakuteua na mkaruka, hawezi kuurudisha uongozi kwa kunyoosha mkono wakati wa kutua.

Kitabu cha saa cha rubani nacho si shahidi mzuri. Chini ya kanuni za Marekani, marubani wawili wanaweza kuandika saa za uongozi kwa safari ileile, mmoja kwa sababu ndiye aliyekuwa akiendesha na ana leseni ya aina hiyo ya ndege, mwingine kwa sababu ni mwalimu aliyekuwa akifundisha. Kuandika saa ni hesabu ya uzoefu. Kuiongoza safari ni kuibeba, na hilo hubebwa na mmoja.

Mfano ninaourudia mara kwa mara ni wa Cheyenne, Wyoming, tarehe 11 Aprili 1996. Msichana wa miaka saba, Jessica Dubroff, alikuwa akivuka Marekani kutoka pwani hadi pwani kwa Cessna 177B. Vyombo vya habari vilimwita rubani. Baba yake, Lloyd Dubroff, alikuwa ndani ya ndege, na ndiye aliyepanga safari na kuilipia. Mwenye leseni alikuwa mmoja tu, mwalimu Joe Reid. Asubuhi hiyo kulikuwa na mvua, upepo wa kuvuma kwa vipindi na radi ikisogea. Ndege ilikuwa imezidi uzito, na uwanja wa Cheyenne uko juu ya futi 6,000 kutoka usawa wa bahari. Waliruka, wakageuka, mabawa yakapoteza kani ya kuinua, na wote watatu wakafa.

Bodi ya uchunguzi ya Marekani haikubabaishwa na kelele za rekodi. Ilimtaja rubani kiongozi, yaani Reid, kwa uamuzi wa kuruka katika hali ya hewa iliyokuwa ikiharibika, na uzito uliopita kiasi, na hewa nyepesi ambayo hakuizoea. Ilitaja pia shinikizo la ratiba iliyokuwa imefungwa na mahojiano ya waandishi. Mwaka huohuo Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kumzuia rubani kiongozi kumwachia usukani mtu asiye na leseni katika safari ya kuvunja rekodi.

Mimi huisoma habari hiyo kama mtu wa Wilson. Uwanja wetu uko zaidi ya futi 5,500. Siku ya joto la nyuzi 26, ndege inaisikia hewa kana kwamba iko juu ya futi 8,000. Propela inauma kidogo, mabawa yanainua kidogo, injini inavuta pumzi ndogo. Kwenye hali hiyo lazima awepo mtu mmoja anayejua kwamba kusema "leo hatuendi" ni kazi yake peke yake. Reid alikuwa na mteja aliyelipa, mtoto mwenye kamera mbele yake, na ratiba. Alikuwa na mamlaka yote kisheria, na kila kitu kilichomzunguka kilimfanya ajione mtu wa kulipwa. Siwezi kumsoma bila huruma. Ninawajua marubani wa hapa ambao wangepata ugumu uleule mbele ya rafiki aliyechanga nusu ya gharama.

Wengine husema hayo ni mambo ya ndege ndogo, mashirika makubwa yana taratibu. Yana taratibu, ndiyo. Lakini usiku wa kuamkia 1 Juni 2009, nahodha wa safari ya 447 ya Air France kutoka Rio de Janeiro alikwenda kupumzika, akawaacha marubani wasaidizi wawili. Mmoja alikuwa na zaidi ya saa 6,000 angani, mwingine chini ya 3,000. Aliyeachiwa nafasi ya nahodha alikuwa huyo mwenye saa chache, na wachunguzi wa Ufaransa waliona uteuzi wake ulifanywa kwa kudokezwa tu, bila mgawanyo wa kazi ulio wazi. Vipimo vya kasi vilipoziba kwa barafu, kuna nyakati wote wawili waliendesha kwa pamoja bila kuelewana. Watu 228 walikufa. Chanzo cha ajali ile ni kirefu na sitaki kukipunguza kuwa kimoja, ila hilo la uteuzi wa kudokeza limo ndani yake, na mimi nililitambua papo hapo. Nilikuwa nimeshaliona, kwenye nyasi za Kajiado.

Baada ya ajali yetu, tuliongeza safu moja kwenye daftari: rubani kiongozi. Hujazwa kabla ya funguo kutoka. Fomu ya kimataifa ya mpango wa safari ina nafasi hiyo siku zote, kule chini kwenye kisanduku cha 19, pamoja na muda ambao mafuta yatatosha na idadi ya watu ndani ya ndege. Tulikuwa tukiijaza kwa mazoea, mara nyingi na jina la aliyeishika kalamu.

Safu ile ilipata mtihani wake Ukunda. Nilikuwa nimemwalika nahodha mmoja mstaafu, mtu aliyemaliza kazi yake kwenye ndege kubwa za abiria, twende pwani na jamaa zake wawili. Jina la kiongozi lilikuwa langu. Kabla hatujawasha injini Wilson, aligeuka akaniambia mbele ya wale wawili nyuma, "Mwanangu, leo nahodha ni wewe. Mimi ni abiria mwenye macho. Nikiona kitu nitasema. Nikitaka usukani nitauomba kwa mdomo, na wewe utanijibu kwa mdomo." Kisha akaweka mikono mapajani. Sijapata kusikia maelezo mafupi na kamili kuliko hayo.

Siku ya kurudi tulichelewa. Ilikuwa imekaribia saa kumi alasiri, msimu wa mvua za masika, na safari ya 172 kutoka Ukunda hadi Wilson huchukua saa mbili na zaidi. Jua hutua Nairobi kama saa kumi na mbili na nusu. Nilipiga hesabu kwenye bawa la ndege na kalamu. Ndege yetu kwa uzito wake wa juu ni kilo 1,043. Ukitoa uzito wake yenyewe unabaki na kilo kama 385 za watu, mizigo na mafuta. Matangi yakijaa, mafuta peke yake huchukua kilo 109. Watu wazima wanne na mikoba hawaruhusu matangi kujaa. Mafuta tuliyoweza kubeba yangetufikisha Wilson na kutuachia chini ya saa moja, na habari za hali ya hewa zilisema mvua inajengeka kuelekea Machakos. Tukikuta njia imezibwa, tungekuwa tunarudi nyuma gizani na mafuta ya kubahatisha.

Nilisema tunalala. Mmoja wa jamaa zake alikuwa na kazi asubuhi na alimgeukia yule nahodha mstaafu, si mimi. "Wewe si umerusha ndege kubwa, Mzee? Hii si kitu kwako." Nilimwona mstaafu huyo akiitazama anga ya magharibi muda mrefu. Baadaye jioni aliniambia kwamba yeye angeenda, angepita upande wa kusini akapime mwenyewe. Lakini wakati ule, pale uwanjani, alichomjibu jamaa yake ni: "Nahodha amesema." Akachukua mkoba wake akaanza kutembea kuelekea barabarani.

Ninaamini angeweza kufika. Alikuwa na ustadi ambao mimi sina. Ila angefika kama rubani wa safari nyingine, si ile iliyoandikwa jina langu, iliyokuwa na bima juu ya jina langu na hesabu niliyoipiga mimi. Kama angesisitiza, na mimi nikakubali kwa heshima, tungepaa wanne bila kiongozi: mimi mwenye jina na yeye mwenye uamuzi.

Liko jambo moja la ndege za pamoja ambalo hata safu ya daftari hailitatui peke yake. Unapoikodi ndege unaikodi pamoja na historia yake. Breki ya kushoto iliyolegea jana na mbia aliyeona aibu kuiandika, mafuta yaliyopimwa kwa macho, maji yaliyoingia tangini usiku wa mvua: yote humwangukia anayeongoza leo. Ndiyo maana nachovya kijiti cha kupimia tangini hata nikiambiwa ndege imejazwa saa moja iliyopita. Ndiyo maana pia namwaga mafuta kidogo kutoka kila tangi kwenye kikombe cheupe, nikiangalia rangi yake ya bluu na kama kuna tone la maji chini. Mwenzangu akisema ameshafanya, namshukuru na narudia.

Sasa kuna mjadala kwenye kikundi. Nimependekeza safu nyingine kando ya ile ya kwanza, ya sahihi ya rubani wa pili, yule anayekubali kwamba leo haongozi. Baadhi ya wabia wanaona ni urasimu, na mmoja ameniuliza kama nataka kumwekesha mkubwa wake sahihi ya utiifu. Nimemjibu kwamba sahihi hiyo inamlinda mkubwa kuliko inavyomlinda mdogo. Mzee wa Kajiado hakuwahi kupewa nafasi ya kusema kabla ya kupaa kwamba yeye ni abiria. Alilazimika kulisema mbele ya mtu wa bima, na halikuaminika. Tutapiga kura mwisho wa mwezi. Pendekezo likishindwa, mimi nitaendelea kuiomba sahihi hiyo kwa kila anayeketi kulia kwangu, nayo nitaibandika ndani ya kitabu changu cha saa.